Barua ya Wazi kwa Mfalme Bluetooth

Steshenari ya karibu na stendi,
Katoro, Geita.

Kwa Mtukufu Mfalme Harald Gormsson, almaarufu Bluetooth,
Mfalme wa Denmark (mstaafu kwa kifo),
Jelling.

YAH: SIMU NA KOMPYUTA KUGOMA KUSALIMIANA ZIKIWA MEZA MOJA

Mtukufu Mfalme,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pole kwa usumbufu. Najua umelala tangu karne ya 10 na hukutarajia barua kutoka Katoro. Lakini huku kwetu ng'ombe akiingia shambani mwa mtu, hatuanzi kubishana na mtoto aliyekuwa akichunga. Tunatazama chapa. Na chapa iliyoko kwenye simu za wateja wangu ni yako: herufi mbili za kale za watu wa kwenu, H na B, zimeshikana kwenye kialama kidogo cha buluu. Kwa hiyo shamba limeliwa, na aliyeitwa ni wewe.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha vyeti, na msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo nalala saa nane usiku. Kazi hizo zote zina bei ukutani. Inayonimaliza ni ile isiyo na bei: kuhamisha faili kutoka kwenye simu ya mteja, upande wa kushoto wa meza yangu, hadi kwenye kompyuta, upande wa kulia. Umbali huo nimeupima kwa rula ya dukani. Ni sentimita 60.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope. Alitaka kuprinti picha za daftari la mgao. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, daftari ndiyo mahakama: mifuko mingapi ya mawe imetoka, nani kachukua mingapi, mwenye shamba kapata ngapi. Akaniambia, "Kaka, nakurushia." Akarusha. Simu ikaandika: Imeshindikana. Akarusha tena. Imeshindikana.

Tukaanza tiba. Tukazima, tukawasha. Tukaufuta undugu wa zamani kati ya simu na kompyuta, tukauunga upya, tukalinganisha namba sita za siri kama watu wanaokabidhiana mahari. Imeshindikana. Baada ya nusu saa nikakumbuka kwamba kompyuta yangu ya Windows haipokei mgeni wa Bluetooth mpaka mwenye nyumba aingie mwenyewe kwenye menyu, achague kupokea faili, kisha akae mlangoni akisubiri. Ukirusha kabla hajakaa, mgeni anarudishwa bila kuulizwa hata katoka wapi. Mfalme, nimelelewa Usukumani. Mgeni anapewa kiti na maji kwanza, habari zinafuata.

Nilipokaa mlangoni ikapokea, lakini picha zilikuwa nyingi, Bluetooth ikawa inazikokota moja moja. Nikashauri tutumie programu ya kurushiana kwa Wi-Fi. Programu ikafunguka, ikadai kitu kimoja tu: washa lokesheni.

Kijana akairudisha simu mfukoni. "Lokesheni siwashi."

Waliozaliwa mbali na dhahabu hawawezi kumwelewa. Huku mwamba ukitema, habari ikivuja jioni, alfajiri kuna rashi: mamia ya watu wameshafika na maturubai yao, mama ntilie kawasha moto, na mwenye karasha anatafuta pa kuliweka. Mtu anayepangusa hata tope la viatu ili asijulikane alikotoka, leo aitangazie simu mahali alipo kwa ajili ya sentimita 60?

Sababu ya programu kudai lokesheni niliijua baadaye. Kuanzia Android 6, kutafuta vifaa vilivyo jirani kulihesabiwa kuwa sawa na kujua mtu yuko wapi, kwani ukishawajua majirani zake umejua anapokaa. Hoja hiyo ina akili. Sungusungu wetu wanaitumia tangu miaka ya 1980. Android 12 ikaja na ruhusa ya peke yake kwa Bluetooth, na Android 13 ikafanya hivyo kwa Wi-Fi. Simu ya kijana ilikuwa Android 9. Tukatumia waya.

Siku ya pili akaja mwalimu na kishikwambi, mojawapo ya vile vilivyohesabu watu kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa na mimi nina leseni ya biashara ya kuhuisha, ilimtaka awasilishe taarifa "kidijitali". Nikamwomba anifafanulie. Kidijitali maana yake aandike kwenye kishikwambi, aje kwangu aprinti, apige mhuri, aipige picha karatasi yenye mhuri, aitume kwenye kundi la WhatsApp, kisha ofisi iichukue picha ile, iiprinti, na kuitia kwenye jalada. Sina ugomvi na utaratibu huo. Unanisomeshea watoto.

Shida ilikuwa kishikwambi na kompyuta: vyote viwili vimeunganishwa kwenye Wi-Fi yangu moja, na havionani, kama wake wenza walionuniana ndani ya uzio mmoja. Nikapekua hadi nikaona. Kompyuta ilikuwa imeuandika mtandao wangu kuwa wa umma, na ikiwa mahali pa umma inajificha. Nilipobadilisha kuwa mtandao wa nyumbani, ikatoa kichwa. Ingekuwa ni Wi-Fi ya gesti, hata hilo huenda lisingesaidia, kwa sababu mitandao mingi ya wageni hutenga kila kifaa ndani ya chumba chake. Mwalimu akashangaa: "Sasa ndugu yangu, kwa nini isiseme tu kwamba imejificha?" Swali hilo nakupelekea kama lilivyo.

Wa tatu alitoka Mwadui, bwana harusi mtarajiwa mwenye iPhone. Mchumba wake ana Tecno. Walitaka kuweka picha zao pamoja ili wachague za kadi. Wamekubaliana mahari, wamekubaliana kanisa, wamekubaliana idadi ya watoto. Simu zao hazijakubaliana.

Ili unielewe, Mfalme, nikupeleke ngomani. Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma. Baada ya mavuno kila chama kinashika upande wake wa uwanja, na dawa zake, kikiwavuta watazamaji wa mwenzake. AirDrop ya watengenezaji wa iPhone, iliyoanza 2011, ni Bagika. Quick Share ya upande wa Android, iliyozaliwa 2020 kwa jina la Nearby Share, ni Bagalu. Tofauti ni kwamba Bagika na Bagalu ngoma ikiisha wanalima bonde moja na kuoana. Ndani ya iPhone umo, Mfalme. Inazungumza kwa Bluetooth na spika, na saa, na gari. Faili kutoka kwenye Tecno ndiyo haiipokei. Masikio inayo. Imekatazwa kuitika. Novemba 2025 Google walitangaza kwamba Quick Share ya simu yao ya Pixel 10 sasa inaweza kurushiana na AirDrop. Tumeshukuru. Tunasubiri Pixel 10 ya kwanza ishuke stendi ya Katoro.

Watu wakichoka husema, "Basi, nikutumie WhatsApp." Hapo picha inapanda mnara, inavuka mipaka ya nchi, inafika kwenye mitambo ya watu, inarudi, inakula bando kwenda na bando kurudi, ili ivuke meza yangu. Na inafika imebanwa. Kwenye daftari la mgao, 8 ikibanwa inafanana na 3, na huko machimboni mifuko mitano ya mawe imewahi kuvunja urafiki wa miaka kumi. Siku hizi nawaambia wote: tuma kama dokumenti, usitume kama picha.

Wengine huifungua WhatsApp yao kwenye kompyuta yangu, wanaprinti, wanalipa mia tano, wanaondoka wameiacha wazi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Katoro ina mimi. Kila jioni nabonyeza "toka" kwenye akaunti za watu, nimefumba jicho moja. Kwa jicho lile jingine nimejua mimba kabla ya bibi, na deni kabla ya mdhamini. Sijasema kwa mtu. Lakini usalama wa mji mzima, Mfalme, hauwezi kuning'inia kwenye kope za mwenye steshenari.

Video ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Bwana harusi ana kaka Kahama, ambaye flashi yake ya GB 32 imejaa video za kuposa. Akaniuliza njia ya haraka kuliko zote. Nikapiga hesabu. Bluetooth kwenye kurusha faili, hata ikikimbia vizuri, haizidi sana megabiti 2 kwa sekunde. Mzigo huo, hata flashi ingekuwa hapa mezani, ungechukua saa 35 na ushei. Flashi hiyo hiyo ukiifunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi, tuseme basi litumie saa nne na abiria wasimame kula, imesafiri kwa takribani megabiti 18 kwa sekunde. Basi la Kahama, pamoja na kuku wake, linakupita mara tisa.

Hapo ndipo nikataka kujua wewe ni nani hasa. Nikasoma. Mhandisi wa Intel, Jim Kardach, alipendekeza jina lako kwa sababu jiwe la Jelling linakusifu kwa kujitwalia Denmark yote na Norway: uliunganisha watu, nao walitaka kuunganisha simu na kompyuta. Lilikuwa jina la muda tu, libadilishwe baadaye. Sisi tunaozijua ofisi za muda zenye miaka 20 hatukushangaa lilipobaki. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba, zikaunda umoja wa kuisimamia kazi hiyo.

Ningekuwapo kwenye kikao kile ningeinua mkono niulize mbona wasichague jina la Mtemi Mirambo. Naye aliunganisha himaya za Unyamwezi, jirani zetu hapa, hadi wafanyabiashara wa pwani wakawa wanapita kwa ruhusa yake. Alipofariki 1884, alichounganisha kikameguka. Kisha nikasoma mwisho wako: mwanao mwenyewe, Sweyn, alikuasi ukapoteza kiti. Nikaona kumbe ninyi wawili ni yale yale, na nikajiandaa kukuandikia aya ya matusi ya heshima.

Kabla sijaianza akaingia mzee mmoja na simu yake, kitochi cha vitufe, kioo kimepasuka, betri imeshikiliwa na mpira. Ndani mlikuwa na sauti ya marehemu kaka yake akiimba, megabaiti 3, na alitaka iwekwe mahali pasipokufa. Nikakaa mlangoni pa kompyuta kama inavyopenda. Mzee akarusha. Sekunde kumi na kitu, sauti ikawa ndani. Hatukuulizwa lokesheni, hatukutumia bando, hatukuulizwa kama mzee ni Mgika au Mgalu. Kisha nikairusha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye simu mpya ya mjukuu wake, nayo ikapokea.

Nikaichana rasimu ya kwanza ya barua hii. Ulichounganisha kwa upanga kilimfuata mwenye upanga. Kilichounganishwa kwa jina lako kinadumu kwa sababu wenye viwanda waliketi wakaandika namna ya kubisha hodi na namna ya kuitika, na kitochi cha mzee kikaifuata bila kujua kama kinafanya siasa. Ni cha polepole, kina maringo ya mlangoni, lakini kinaitika. Wanaotuadhibu ni waliojenga boma baada yako, kila mmoja akiogopa ng'ombe wake wakionja majani ya jirani watahama.

Kwa hiyo sikulaumu tena. Naomba unifikishie haya kwa warithi wako:

1. Mashine ikikataa, itaje sababu. "Imeshindikana" ni tangazo la msiba lisilo na jina la marehemu.

2. Simu isisifiwe kwamba inaunganisha dunia wakati inamnyima salamu aliye umbali wa sentimita 60.

3. Umoja wa Bagika na Bagalu usianzie kwenye simu ya bei ya pikipiki. Uanzie kwenye zile zinazoshuka stendi yetu.

Utakaponijibu, usirushe. Iweke kwenye flashi, uifunge vizuri, mpe kondakta wa basi la Kahama na umwachie namba yangu. Nitakuwa stendi.



Wako mtiifu,
Mwenye Steshenari.

Nakala:
Wakuu wa AirDrop, kwa utekelezaji.
Wakuu wa Quick Share, kwa utekelezaji.
Mtemi Mirambo, kwa taarifa.
Ofisi nisiyoitaja, kidijitali: nimeprinti, nimepiga mhuri, picha inakuja.