Sifa za Kaa Aliyenibakizia Kandambili Moja

Wapo waliomsifu simba na wapo waliomsifu farasi. Mimi nasimama mbele yenu, kwa heshima zote na kandambili moja ya mguu wa kulia, kumsifu kaa wa nazi wa Kisiwa cha Mbudya.

Ana nguvu: akikua sana hufika kilo 4, na gando lake hupasua nazi. Ana pua kali. Hapigi kelele. Hayo tuyapite, maana sifa yake kuu ni moja: anafika kazini.

Mbudya mnapajua. Unavuka kwa boti kutoka Kunduchi, unakuta mabanda ya makuti, samaki wa kukaanga na chipsi, mchanga mweupe. Jumamosi kivuli kinagombewa. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni sabufa zinazimwa, watoto wanahesabiwa, na kila mtu anapanda boti: mpishi, muuza soda, hata yule aliyetukatia risiti ya kulala. Tukabaki mke wangu na mimi, hema, na mivinje inayonong'ona. Hapo ndipo kaa alipoingia zamu.

Pimeni uzito wa utumishi huu. Kaa wa nazi huanza maisha baharini, lakini akishakomaa, ukimtosa majini anakufa maji. Ndiye mtumishi pekee wa Mbudya asiyeweza kuondoka jioni. Hana foleni ya Tegeta, hana msiba wa ghafla Mbagala. Usiku kucha alikagua kisiwa: miiba ya samaki, maganda ya ndizi, makopo, nepi (ndiyo, nepi), kila kilichosahauliwa na wastaarabu wa mjini. Saa nane akafika hemani kwetu, akagonga sufuria mara mbili kama anayebisha hodi, kisha akaondoka na kandambili yangu ya kushoto.

Ya kushoto tu! Mwizi mwenye tamaa angebeba zote mbili na kukuacha bure. Kaa anakuachia moja, ili kukicha uwe na kielelezo mkononi, na matumaini kwamba mwenzake yupo mahali kichakani. Tena ni mwadilifu: hakuigusa ya mke wangu, aliyeniambia tangu jana niingize viatu ndani. Wazungu wengine humwita kaa mwizi. Wanamwonea. Mwizi gani anachukua nusu?

Na hakunitoza chochote. Waliotutoza ni wengine. Tulilipa kiingilio, tukalipa kulala, tukalipa boti ya kwenda na kurudi, na kila tulipolipa tuliambiwa huduma zote zipo. Zilikuwepo. Choo kilikuwepo, kimepigwa kufuli, na ufunguo umepanda boti ya jioni. Nirudie, maana hapa mzaha umeniisha: mtu alitukatia risiti ya kulala, akatutakia usiku mwema, akafunga choo, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kulala kwake bara. Mke wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaingia vichakani saa tisa usiku akimulika kwa simu yenye chaji asilimia sita, nami nyuma yake nikichechemea kwa kandambili moja.

Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Neno hilo nilikuwa silielewi vizuri. Sasa nalielewa.

Saa tatu asubuhi boti ikarudi na mwenye ufunguo. Akatuuliza tumeamkaje. Kisha akatazama chupa na nepi za Jumamosi zilizotapakaa ufukweni, akatikisa kichwa, akatuambia bila kupepesa macho: "Nyie wageni wa kulala mnachafua sana kisiwa."

Kaa, nina hakika, alikuwa amejificha shimoni kwa aibu.

Msomaji, ukienda kulala Mbudya, usijisumbue kuulizia kaa. Uliza ufunguo wa choo unalala wapi.