Kila Mtu Fundi, Isipokuwa Fundi

Mimi ni fundi magari hapa Sumbawanga, na leo nalalamika. Silalamikii bei ya spea wala tope la masika, hayo tulishayazoea. Nalalamika kwamba hakuna mtu anayeniletea gari bovu. Watu wananiletea maamuzi. Mtu anaingia gereji, injini bado inanguruma, salamu hajatoa, anashusha kioo: "Fundi, nibadilishie plagi." Nikimuuliza gari lina shida gani, ananuna. Si ameshasema plagi?

Dereva wa Fuso la mahindi kutoka Laela anataka nozeli zisafishwe. Mama mwenye mashine ya kusaga kule Chanji anataka ringi mpya za pistoni. Kijana wa bodaboda anataka kabureta, kwa sababu mwenzake wa kijiwe cha Soko la Mandela aliwekewa kabureta mpya na siku hizi pikipiki yake "inaruka". Hospitalini mgonjwa husema kichwa kinamuuma, daktari akatafuta sababu. Kwangu mgonjwa anapanda kitandani, anaonyesha kwa kidole, anasema: pasua hapa, na uniambie bei ya mwisho.

Kutafuta ubovu wa injini ni maswali, na maswali yangu wala si magumu. Gari linamisi saa ngapi, asubuhi likiwa la baridi au mchana likishapata moto? Likipanda au likishuka? Moshi ni wa rangi gani? Ukiwa mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ukiwa wa bluu, oili inaungua ndani. Ukiwa mweupe na haukatiki hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia kwenye silinda. Ila hili la mweupe kwetu huku lina utata wake, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai kila kitu kinatoa moshi mweupe, pamoja na mwenye gari.

Basi nauliza: "Lilianza lini?"

"Leo, fundi. Leo hii hii."

Nafungua boneti. Paipu ya rejeta imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira umeshika vumbi la kiangazi chote. Nainama chini ya gari. Tenki la mafuta limezibwa kwa kipande cha sabuni ya mche.

"Sabuni hii kaweka nani?"

"Sijui kwa kweli. Labda watoto."

Mtoto anayejua kwamba sabuni haiyeyuki kwenye petroli, mleteni hapa kesho nimpe ajira.

Nikiuliza mafuta yalijazwa wapi, nadanganywa zaidi. Wote wanajaza sheli. Sheli ipi? Hapo mtu anaanza kutazama milima ya Mbizi. Ukimbana sana anakwambia zilikuwa chupa mbili tu, pale kijijini, za kumfikisha. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, petroli na dizeli zilipokuwa zinachanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo ukose faida. Dawa nzuri ile. Lakini maji hayatozwi ushuru, na chupa ya petroli inayouzwa kando ya barabara mvua ikinyesha ina siri zake. Namwaga mafuta ya tenki kwenye chupa safi, naiacha itulie, maji yanakaa chini na petroli juu, mstari unaonekana kabisa. Mwenye gari anaitazama chupa, ananitazama mimi. "Sasa, plagi unabadilisha au hubadilishi?"

Kundi jingine ni wageni waliohamishiwa kazi huku. Hao wanaanza kwa kusema: "Fundi, Dar hili gari lilikuwa linakimbia. Tangu nifike huku limekufa nguvu." Halijafa chochote. Mji wetu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Gari la kompyuta lina sensa, linahisi upungufu na kupunguza mafuta lenyewe. La kabureta halijui kwamba limepanda Ufipa. Linaendelea kumwaga kipimo kile kile cha Kariakoo, linafuka moshi mweusi, na mwenyewe anasema linakula mafuta. Maji nayo huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100. Kwa hiyo rejeta yenye kifuniko kilicholegea, iliyovumilia joto lote la Dar, inaweza kuja kutuchemshia hapa na baridi yetu hii, watu wamevaa makoti.

Haya yote nilimweleza ofisa mmoja kwa utulivu, hadi nikachora kwa chaki sakafuni. Akasikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo tatizo ni hewa."

"Ndiyo, bosi."

"Basi iongeze."

Wazee wa Kifipa walilijua suala la hewa kabla gari halijafikiriwa. Walijenga matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, malungu, yanayompita mtu kimo, na yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kupuliza. Mivukuto ilitumika hatua ya pili, kwenye tanuri dogo la kusafishia kile kilichopatikana. Kazi ile ilikufa wakati wa ukoloni, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani, lakini mabaki ya baadhi ya matanuri bado yamesimama huko mashambani. Sijawahi kuyapita bila kumwona kichwani jamaa fulani amesimama pembeni, mikono nyuma, hajabeba hata tita moja la kuni, akimwambia mwenye tanuri: "Mimi kwa mtazamo wangu, shida ni mkaa."

Wageni hao hao ndio wanaokuja na jibu moja la kila kitu. Jina la Sumbawanga wamelisikia tangu utotoni kwenye hadithi za watu kusafiri kwa ungo, kwa hiyo gari likizima huku hawafikirii betri. Jamaa mmoja aliletwa kwangu amevutwa kwa kamba na trekta. Gari lilimzimia usiku, taa zote, ghafla, muda mfupi baada ya kupishana na bibi kizee aliyebeba kuni. Alinieleza kwa kunong'ona. Nikafungua boneti, terminali ya betri ilikuwa inacheza kwenye nguzo yake. Nikaikaza. Akapiga stata, gari likaitika.

Akanisogelea karibu. "Fundi, umetumia nini?"

"Namba kumi."

Alinilipa mara mbili ya nilichotaja na hakugeuka nyuma. Wenyeji hawana ukarimu huo.

Sitaki hata kuanza habari za wanaoshuka bondeni, kwenda Muze na Mtowisa. Kutoka huku juu hadi kwenye Ziwa Rukwa unateremka karibu mita 1,000, na madereva wetu wanapiga frii ili kubana mafuta. Gari la kisasa ukiliacha kwenye gia na kuachia pedeli, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukipiga frii, injini inalazimika kula kidogo ili isizime, na mzigo wote unabaki kwenye breki. Wanafika chini breki zinanuka, wanarudi kwangu wakisema brekipedi za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila hata orijino haiwezi ugomvi na mteremko wa namna ile.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Vitz.

Mwenyewe ni mtumishi, kijana mstaarabu, alihamia kutoka Dar mwezi wa tano. Alikuja na begi. Ndani ya begi kulikuwa na plagi nne mpya, oksijeni sensa mpya, na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu. "Fundi wangu, kila kitu ninacho, wewe ni kufunga tu." Gari linakula mafuta kupita kiasi, bomba la moshi jeusi tii, hita haipulizi joto. Kidude kimesoma kodi P0172, yaani mchanganyiko una mafuta mengi. Kwa hiyo akanunua sensa. Mashine imesema!

Mashine haijasema hivyo. Mashine imesema mafuta ni mengi. Haijasema kwa nini. Sensa inayoripoti kwamba mafuta ni mengi ndiyo inayofanya kazi yake vizuri kuliko wote katika gari hilo, na ndiyo iliyohukumiwa kung'olewa. Mbaya zaidi, fundi mwingine alishafungua kifuniko cha oili, akakuta uteute mweupe chini yake, akatangaza kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na injini ishushwe. Kijana alikuwa ameanza kuulizia mkopo.

Nikawasha switi nitazame dashibodi. Baadhi ya Vitz hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika ikishapata moto.

"Kaka, hii taa ya bluu huwa inazima saa ngapi?"

"Haizimi."

"Hata ukienda mbali?"

"Nilienda nayo mpaka Tunduma, haikuzima. Ila ni bluu, fundi. Ingekuwa nyekundu ningekwambia."

Zaidi ya kilometa 200, na injini haijapata moto. Nikamwomba aniachie gari lilale, niliwashe asubuhi likiwa la baridi kabisa. Hapo ustaarabu wake ukapungua. Akalizunguka gari, akapiga picha injini kwa simu, akapiga picha matairi, akanipiga picha mimi.

Asubuhi palikuwa na baridi ile ya kufanya spana iume vidole. Nikawasha, nikashika paipu ya chini ya rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, paipu hiyo inabaki ya baridi kwa dakika kadhaa, kwa sababu maji yamezuiliwa yazunguke ndani ya injini tu mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Ikifunguka, joto linakuja kwa mkupuo, unautoa mkono. Hii haikusubiri. Ilianza kuwa vuguvugu taratibu tangu mwanzo, ikaishia hapo hapo kwenye vuguvugu. Nikafungua nyumba ya themostati. Ndani mlikuwa na hewa safi ya Ufipa.

Kuna fundi huko pwani aliyeitoa. Wanafanya hivyo sana; gari likichemsha, badala ya kutafuta sababu wanang'oa themostati ili maji yapite muda wote, na kwa joto la Dar mtu anaweza asigundue kitu. Likipanda huku, injini inatembea na homa ya baridi maisha yake yote. Kompyuta inaona baridi, inaongeza mafuta ya kuipasha. Mafuta yanazidi, plagi zinashika masizi, sensa inalalamika, hita haina joto la kupuliza, na mvuke usiokauka unachanganyika na oili chini ya kifuniko na kuwa ule uteute mweupe. Gasketi nzima. Sensa nzima. Plagi zilitaka kusuguliwa tu.

Spea ikaja kwa basi kutoka Mbeya, nikafunga, nikajaza kulanti, nikatoa hewa. Taa ya bluu ikazima kabla hatujamaliza kunywa chai. Kijana akawasha hita, akaweka mikono mbele ya tundu, akacheka peke yake. Nikadhani tumemalizana.

Sasa wateja wetu wana utaratibu wa kudai spea ya zamani, nami naunga mkono. Mafundi wenye vidole virefu wapo, na ukipewa kilichotolewa unajua kweli kuna kilichoingia. Mzee mmoja wa Katandala ana kreti zima la plagi zilizokufa chini ya kitanda, na idadi yake anaijua.

"Ni kiasi gani, fundi?"

"Themostati umeshalipia. Ufundi elfu thelathini."

"Elfu thelathini? Kwa kushika paipu?"

"Kwa kujua ipi ya kushika."

Akalimeza hilo kwa shida. Akatoa pochi, akahesabu noti, kisha akasita nazo mkononi.

"Sawa. Nipe ile ya zamani."

"Ya zamani haipo, kaka."

"Haipo vipi?"

"Haikuwepo. Ndiyo shida yenyewe iliyokuwa inasumbua gari."

Akaitazama injini. Akanitazama mimi. Akatoa simu, akatafuta zile picha za jana yake, akazikuza kwa vidole moja baada ya nyingine, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Noti zikarudi kwenye pochi.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Ukiipata ile ya zamani, nipigie."