Tofali na Makaa Chini ya Lori

Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka limepasuka tairi Kitai. Utingo kaokota tofali kuukuu la misheni, kakingia gurudumu. Bonge la makaa limedondoka kando yake.

TOFALI: Sogea, kijana, usinichafue. Mimi ni wa Kigonsera, misheni ya Wabenediktini, 1899.

MAKAA: Shikamoo, babu. Leo zamu yako kukinga tairi?

TOFALI: Sisi ni sala na kazi.

MAKAA: Aliyesali namjua. Udongo alikanda nani?

TOFALI: Vijana wa misheni. Walikuwa wanafundishwa.

MAKAA: Wanafundishwa nini?

TOFALI: Kukanda udongo.

MAKAA: Na Peramiho? Nasikia iliungua.

TOFALI: Usinikumbushe! Padri Cassian Spiss kaianzisha 1898. 1905, Majimaji, Nkosi Mputa wa Wangoni kaitia moto.

MAKAA: Hivi hivi tu?

TOFALI: Aa... Padri Leuthner alishakichoma kibanda cha Mputa cha mahoka, mizimu ya mababu. Lakini kile kilikuwa cha nyasi!

MAKAA: Kumbe. Na Mputa?

TOFALI: Wajerumani walimnyonga Songea, 1906.

MAKAA: Na mapadri wenu walitoka wapi vile?

TOFALI: Ujerumani. Ndiyo maana tuliteseka! Vita Kuu ilipokuja, Waingereza wakawaondoa. Ndiyo zao hao: mwaka 1414 mfalme wao Henry wa Tano alizitaifisha nyumba ndogo za watawa kwao, eti abasia mama ziko Ufaransa, na Ufaransa ni adui.

MAKAA: Pole. Hata hivyo mlirudi.

TOFALI: Tukarudi, na 1931 Peramiho ikawa abasia. Waafrika nao wakaanzishiwa nyumba yao Hanga, 1957.

MAKAA: Peramiho palijaa?

TOFALI: Hapakujaa.

(Kimya. Bodaboda inapita.)

TOFALI: Unanihoji sana, kijana. Mimi nimeacha hospitali, Peramiho na Litembo. Wewe Ngaka unaacha nini?

MAKAA: Shimo, babu. Na vumbi kwenye nguo zilizoanikwa.

TOFALI: Ulizaliwa lini kwani?

MAKAA: Inapita miaka milioni 250.

TOFALI: Mi... Shikamoo!

MAKAA: Marahaba. 

TOFALI: Na wenzio mle garini wanapelekwa wapi, mzee wangu?

MAKAA: Kiwanda cha saruji.

TOFALI: Saruji! Hiyo hiyo iliyotunyima kazi sisi tuliochomwa!

UTINGO (akilichomoa tofali na kulitupia juu ya shehena): Twende, suka! Hili tutalihitaji mlima Lukumburu.