Mshale Niliuona Mimi

Sikiza jirani, gari yangu ilikuwa nzima. Subaru ya mitumba ya Japani, imenichakaza mfuko lakini inatembea. Milima ya huku Kisii inapanda bila neno. Mwenye hitilafu nilikuwa mimi.

Ilianzia kwa kinyozi. Jamaa mmoja, nusu kichwa kimenyolewa, akaniuliza mkanda wa taimingi nilibadilisha lini. Nikajibu, "Juzi juzi." Wewe, hata sikujua gari ina mkanda! Mimi najua mkanda wa suruali, na ule wa siti ninaovaa nikiona polisi. Akasema ukifika kilomita 100,000 hivi ubadilishwe, la sivyo utakatika, valvu zigongane na pistoni, na hapo useme kwaheri. Nikakimbia kuangalia dashibodi. 183,000. Usingizi ukaisha.

Na siku niliyoichagua sasa! Jumamosi, wakwe zangu wa Kebirigo wananingoja saa sita. Nikasema nipitie gereji mara moja. Nimeshavaa suti.

Fundi mwenyewe alikuwa ameenda matangani. Nikamkuta kijana wake, ana ovaroli. Mimi kwangu ovaroli ndiyo cheti. Akafungua, akatoa mkanda wa zamani, akafika kwenye ile gia ya chini ya krenki, akasita.

"Omogaka, naona hapa kuna alama mbili. Tungoje fundi."

Tungoje? Wakwe je? Nikainama na suti yangu, nikachungulia. Nikaona mshale. Mshale safi kabisa, umechongwa kwenye chuma.

"Si huu hapa? Mshale kazi yake si kuonyesha?"

Nilijiona nimesoma. Kijana akauweka juu, akavisha mkanda mpya. Akataka kwanza azungushe injini kwa mkono, polepole, kwa spana. Nikamwambia anapoteza wakati. Nikaingia, nikapiga stata.

Ka-ka-ka-ka! Kama kokoto kwenye sufuria. Mwenye akili angeacha. Nikapiga tena. Ya tatu nikapiga nimefumba macho. Nilipoyafumbua kijana alikuwa ananawa mikono.

Nikaenda ukweni kwa Probox. Kiti cha mbele tulikuwa wanne ukimhesabu dereva, na dereva mwenyewe amekalia nusu ya paja langu. Kreti ya soda magotini. Nikamsimulia masaibu yangu, akacheka. "Hii yangu haina mkanda, mzee. Hii ni cheni." Asante sana kwa habari.

Tukafika steji ya Nyamira. Makanga akafungua mlango wa nyuma, "Songeni, mama aingie!" Nikasikia sauti. Mama mkwe! Na kikapu cha mboga za chinsaga! Wewe unajua chinsoni, miiko ya heshima ya huku kwetu; mimi na yeye hata kuangaliana ni kwa masafa. Sasa kikapu chake kinanidunga kisogoni mpaka Kebirigo. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mimi nilijifanya soda.

Jumatatu fundi akanipeleka kwenye ile gia, akaelekeza bisibisi nyuma ya meno. Kuna kistari. Kistari kidogo, kama mtu amekwaruza na ukucha. Kumbe hiyo ndiyo alama! Ukikiweka juu, pistoni zote nne zinakaa katikati, valvu zinapumua. Mshale ni wa kuonyesha pistoni ya kwanza imefika mwisho wa juu. Ukifunga mkanda kwa mshale, pistoni na valvu zinakutana uso kwa uso.

"Sasa nani alimwambia kijana afuate mshale?"

Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia kilima cha Nyanchwa.

Na injini ya Subaru imelala chali, ina vichwa viwili, kimoja huku, kimoja kule. Kuvitoa, injini yote ikashushwa chini. Kati ya valvu 16, 8 zimepinda. Fundi akazipanga juu ya gunia kama samaki wa kuuza. Akachukua moja, akaiviringisha juu ya kioo, ikawa inayumba kichwa kama mlevi anayetafuta kwao. "Hii ni stata ya kwanza," akasema. "Hizi zingine sijui."

Valvu, sili, gasketi mbili za hedi, kusaga, kufunga upya. Mkanda ulinila bei ya jogoo. Hii nyingine ilikuwa bei ya ng'ombe, tena wa maziwa. Wiki tatu nilitembea, na suti ina grisi goti la kulia mpaka leo.

Nikauliza, ule mkanda wa zamani ulikuwa umebaki na siku ngapi? Fundi akauvuta, akaukunja, akatafuta ufa, akakosa. Akanirudishia bila neno. Mama yangu ndiye anayeutumia kufungia geti la ng'ombe. Anasema hajapata kamba ngumu kama hiyo.