Heko Wazazi Wanaofukuza Mazimwi

Tuwapongeze wazazi wanaowaficha watoto vitabu vya michoro vya mazimwi. Mtoto wa miaka kumi akiliona zimwi limevaa soksi, akaangua kicheko, tutamtisha kwa kipi tena? Mchoraji wa vitabu vya watoto, Maurice Sendak, aliyachora majitu yake mwaka 1963; mwaka uliofuata Wamarekani wakamtunuku Medali ya Caldecott, tuzo ya vitabu vya picha vya watoto. Oneni sasa watoto wao wanavyouliza maswali! Sisi tunajua kulea. Mwaka 1995, Popobawa, pepo aliyedaiwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala ndani, alipovuma Unguja na Pemba, watu wazima walihamishia malazi uani bila kuhitaji mchoro hata mmoja. Huo ndio ukomavu. Mtoto apewe kitabu cha maswali ya mtihani. Humo hamna cha kumtisha. Akikataa uji, tumwambie zimwi linakuja.