Namna ya Kuishi na Usukani Unaoinama

Hongera kwa kukabidhiwa pikipiki ya mkataba. Mambo yakienda kama kawaida, haitapita muda utagundua kwamba ukishika breki kwa nguvu ukiwa na abiria mzito, usukani unainama mbele kidogo kama unaamkia wakubwa. Usiwe na haraka. Mwanzoni breki bado unaifikia. Ngoja mpaka mkono wa breki ulale kuelekea tairi, vidole viutafute hewani, na daladala mbele yako iwe imesimama ghafla kumpakia mama mwenye ndoo. Hapo ndipo desturi inakuruhusu kumwona fundi.

Fundi wa kijiweni ataanza na mpira. Atakata kipande cha tyubu ya baiskeli, auzungushie usukani pale unapobanwa, arudishe vibano, kisha akuhakikishie: "Huo hautoki, mwanangu." Kweli hautoki. Unacheza tu. Mpira ukibanwa hutafuta pa kutokea, na baada ya jua na mtikisiko wa barabara ya vumbi unakuwa umekonda, huku bolti zikiwa palepale alipoziacha. Sasa una usukani unaolegea na kunesa kwa pamoja, huduma ambayo hata kiwandani hawakuifikiria.

Ukirudi kulalamika, atatafuta bomba. Spana ya bolti hizo ina mkono wa sentimita 15 hivi, na si kwamba waliishiwa chuma. Ukiivuta mwishoni kwa nguvu ya kunyanyua ndoo ya lita 15, bolti ya milimita 8 inapata takriban nyutoni-mita 22, na hapo imetosheka. Fundi anachomeka bomba la nusu mita, anaegemea. Bolti inalia, inalia, halafu inakuwa laini ghafla. Hiyo ni thredi ya aluminiamu iliyong'oka yote. Atakuambia imekaza.

Kuna na wale wa kuchomelea, ambao huitwa wengine wote wakishashindwa. Usukani unashikanishwa na kibano chake moja kwa moja, cheche zikirukaruka shibiri moja kutoka kwenye tangi la petroli. Kama kibano ni cha aluminiamu, mashine ya mtaani haikishiki, inakiharibu tu. Kama ni cha chuma kinashika, ila bomba la usukani limeunguzwa palepale linapobeba mzigo wote. Hautainama tena huo. Utakatika.

Njia iliyobaki haina soko kijiweni kwa sababu haimwachii mtu hela ya chai. Kwanza jua nini hasa kinachosogea. Omba rangi ya kucha kwa dada wa saluni ya jirani, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye kibano hadi kwenye usukani, kisha ingia kazini. Ukirudi ukakuta mstari umeachana, usukani unateleza. Ukikuta mstari uko vilevile na usukani bado unainama, basi vibano havina kosa: pikipiki nyingine zina bushi za mpira chini ya vibano, na bushi zikichoka kila kitu juu yake hutikisika. Umekuwa ukilipia kukazwa bolti ambazo hazikuwa na tatizo.

Tuseme unateleza. Fungua bolti zote nne, toa vifuniko vya vibano, tazama usukani pale ulipokuwa umebanwa. Utaona vijimeno vidogo vilivyochongwa kuuzunguka. Kazi yao ni kung'ata. Kwako vimejaa grisi, vumbi, rangi ya mwenye pikipiki wa zamani na mabaki ya ile tyubu. Injini ikiwa imepoa, na mvuta sigara akiwa kijiwe kingine, chukua burashi ya waya na petroli kidogo, safisha usukani na matumbo ya vibano, acha vikauke kabisa. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa huo. Vijimeno vikiwa vimelala na kung'aa, nunua usukani mwingine; wa kawaida una kipenyo cha milimita 22.

Wakati wa kurudisha, angalia vifuniko. Pikipiki nyingi zina kidoti kwenye kifuniko, nacho hutazama mbele. Kaza bolti za mbele mpaka upande huo ufunge, ndipo ukaze za nyuma, na nyuma ibaki nafasi ndogo. Nafasi hiyo humkera sana fundi, atataka kuiziba. Mkatalie, maana ndiyo inayothibitisha kwamba nguvu ya bolti inakwenda kwenye usukani. Pande zote zikikutana na usukani bado unazunguka, kibano kimelika, na unachokaza ni aluminiamu juu ya aluminiamu. Kipande cha kopo la soda, chembamba na kisafi, kitakufikisha Kariakoo kununua kibano kingine. Kopo halibonyei kama mpira, ndiyo maana linasaidia, lakini lisizeekee humo.

Kabla hujaondoka, washa injini, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Injini ikipandisha sauti yenyewe, waya wa mafuta umebanwa; uachie kwanza. Halafu ingia barabarani kimyakimya. Bosi akisikia pikipiki imekuwa nzima, ataanza kuona hesabu unayompelekea ni ndogo.