Skrini Tatu za Shemeji

Shemeji yangu aliyeko Dubai ana moyo mkubwa, ila hana subira ya kusoma maandishi ya nyuma ya maboksi. Nilimlalamikia kwenye simu kwamba kazi yangu ya kadi za harusi imenizidi: kila familia ya mtaani kwetu Buyenzi inayokuja kuchagua kadi huja na shangazi zake, wote wanataka kuona, na wote wanaonyesha kwa kidole chenye mafuta ya sambusa. Hakuuliza swali hata moja. Akatuma skrini tatu za inchi 27, zote za 4K, kila moja ikiwa na pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Zilipofika, mtaa ulikuja kuzipokea. Fundi gari mmoja aliyekuwa akiviringisha tairi la Toyota aliliegemeza ukutani kwangu, akaingia kuuliza kama tunafungua kibanda cha mpira.

Plagi ndizo zilizoanza ukaidi. Dubai wanatumia plagi ya Kiingereza, ya meno matatu mapana, na sisi Burundi soketi zetu ni za matundu mawili ya mviringo. Hilo lilikuwa dogo. Soko la Ruvumera liko hapa hapa kwetu, na tangu soko kuu la mjini liungue Januari 2013, vingi vilivyokuwa vikitafutwa kule hutafutwa huku. Adapta zikapatikana, skrini zikawaka, zote tatu zikaandika kwa heshima kubwa kwamba hazioni kitu.

Zingeona nini? Kompyuta yangu ni ile nyembamba ya ofisini, iliyokuja mitumba kutoka Ulaya ikiwa na baobonye ya Kifaransa na kibandiko cha idara ya uhasibu ambacho hakijakubali kubanduka. Mgongoni ina tundu moja la VGA na moja la HDMI, basi. Mpwa wangu, kijana mwepesi wa miguu, alitumwa kutafuta dawa, akarudi na kisanduku cheusi chenye HDMI moja ya kuingilia na tatu za kutokea. Muuzaji alimhakikishia kwamba kinagawa.

Na kweli kiligawa. Bibi harusi yuleyule akatokea kwenye skrini zote tatu, kwa vazi lilelile, akitabasamu kwa pembe ileile. Kisanduku cha namna hiyo kinanakili picha moja tu. Kompyuta yenyewe inaamini ina skrini moja, na haina habari kwamba nyingine mbili zipo duniani. Mimi nilitaka kadi huku, maandishi ya Kiswahili na Kirundi kule, na skrini ya tatu iwatazame wateja. Lakini shangazi walifurahi kupita kiasi, kila mmoja akajitwalia bibi harusi wake. Baba wa bibi harusi ndiye aliyeingiwa na wasiwasi, akauliza kama bei nayo imezidishwa kwa tatu.

Kisha nikaona kipanya kinachelewa. Unakisukuma, kishale kinafika baadaye, kimechoka. Fanya hesabu nami: skrini ya 4K ina pikseli karibu milioni 8.3. Ukitaka picha ibadilike mara 60 kwa sekunde, na kila pikseli ichukue biti 24 za rangi, unahitaji kupitisha karibu biti bilioni 12 kila sekunde. HDMI ya toleo la 1.4, la mwaka 2009, mwisho wake ni bilioni 10.2, tena si zote za picha. Kwa hiyo inakupa 4K kwa mara 30 tu, ndiyo maana kishale changu kilichoka. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 ndilo lililofika 18 na kuondoa adha hiyo. Tundu kwa nje ni lilelile, waya kwa nje ni uleule, na muuzaji atakuapia kwamba HDMI ni HDMI.

Jambo likafika barazani, na barazani kwetu hakuna aliyewahi kukosa ushauri. Baada ya Isha, kahawa mkononi, kila mtu alikuwa mhandisi. Mmoja alisema niongeze RAM. Mwingine alisema virusi. Kijana mmoja anayecheza michezo ya kompyuta usiku kucha alisema kwa sauti ya daktari kwamba nahitaji kadi ya grafiki yenye nguvu, na akajitolea kuniazima ya kwake. Ilikuja imefungwa kwenye kanga ya mama yake: feni tatu, taa za rangi, urefu wa kutosha kumpigia mwizi. Kompyuta yangu ina pawa saplai ya wati 240. Kadi ile peke yake ilitaka karibu zote. Na hata ingekubali kula kidogo, haikuingia ndani ya boksi.

Hapo ndipo jirani yangu fundi wa kuchomelea aliposikia. Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Kitu kisichoingia hakirudishwi, hupanuliwa. Akaja na mashine ya kukatia, miwani imepandishwa kipajini, akapima kwa shibiri. "Kaka, nikikata hapa nikaongeza bati pale, utaweka hata ya lori." Nilikumbatia boksi langu. Alikuwa ameshachomeka waya ukutani umeme ulipokatika mtaa mzima. Wengine hulaani umeme ukikatika. Mimi usiku ule nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Aliyenitoa kwenye tope ni mama mmoja anayeuza vipande vya kompyuta za mitumba kando ya soko, kwenye kibanda ambacho hata feni hakina. Hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliuliza, "Baba, unacheza? Unatengeneza sinema?" Nikasema hapana, kadi za harusi. "Basi wewe hutaki misuli, unataka midomo." Akatoa kijikadi kifupi kama kiganja, NVIDIA Quadro P620. Kinakula wati 40 tu kutoka kwenye bodi bila waya wa ziada, kina matundu manne ya mini DisplayPort, na kinaendesha skrini nne za 4K, kila moja kwa mara 60. Kumbukumbu yake ni GB 2, ambayo barazani waliicheka. Lakini picha moja tulivu ya 4K inachukua kama MB 33. Tatu hazifiki hata mia moja. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta, na hakuna mwanamume hata mmoja pale barazani aliyelijua.

Nyaya zilichelewa. Mjini adapta za HDMI zimejaa, nyingi zikiishia kwenye mara 30 zilezile, na zile za mini DisplayPort ilibidi zije na dereva wa lori la mizigo kutoka Dar es Salaam, ambaye hadi leo anaamini alinibebea kifaa cha hospitali.

Sasa skrini zote tatu zinafanya kazi. Hajji mmoja aliletwa kuhakiki kadi ya mwanawe, akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo: kwa 4K kwenye inchi 27, bila kukuza, jina la mwanawe lilikuwa dogo kama sisimizi. Nikapandisha ukubwa hadi asilimia 150, akalisoma, akakuta limekosewa herufi. Na umeme ukikatika, UPS yangu inabeba kompyuta na skrini moja pekee, ya kwangu. Shangazi hubaki gizani wakiendelea kuchagua rangi.

Kwa hiyo wewe unayetaka skrini mbili tatu, usianze na kadi ya grafiki. Geuza skrini uzipige picha mgongoni, ipige na kompyuta yako, soma wati za pawa saplai, halafu nenda Ruvumera na hizo picha kwenye simu. Na kama una shemeji Dubai, mwambie leo, kabla hajafunga sanduku, atie na nyaya za DisplayPort.